Kuokota malkia wa chungu na kuwauza nje ya nchi

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Gilgil. Baba ametangulia, mama ana maradhi ya figo, na wadogo zangu wananitegemea. Mvua zikinyesha kuna mtu alikuwa akinilipa kwa kila malkia wa wale chungu wakubwa wekundu ninayemuokotea. Sasa simu yake haipatikani. Nimebaki na vichupa vyenye chungu hai na pesa kidogo. Ustadhi mmoja wa mtaani alituambia ni halali: chungu hawana mwenyewe, hawamo katika orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini), ni wadudu tu, na sheria ya serikali isiyokuwa ya Kiislamu haitufungi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Allah amponye mama yako.

Haifai kuwaokota, kuwauza, wala kuwabeba kwa niaba ya mwingine, na walio hai warudi ardhini kwa njia nitakayokueleza mwishoni. Ningeweza kuishia hapo, ila maneno ya huyo ustadhi yanazunguka sana kwa vijana, na mengi yamevaa kilemba cha fiqhi.

Amesema hawana mwenyewe. Bila shaka ameitegemea hadithi ya Abu Daud, kwamba anayetangulia kwenye kitu ambacho Muislamu mwingine hajakitangulia, ni chake. Sawa, asili ya vitu vya porini ni uhalali. Lakini uhalali huo una mlango, na mlango hufungwa kwa maslahi ya watu. Mtume (s.a.w.) aliyafunga malisho ya Naqii, na Umar akayafunga Sharaf na Rabadha, kama ilivyo kwa Bukhari. Nyasi zile nazo hazikuwa na mwenyewe! Akijibu kwamba hadithi hiyohiyo inasema "hakuna hifadhi ila ya Allah na Mtume wake", basi arudi kwenye Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafi cha Imam Nawawi: kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa kiongozi anaweza kufunga eneo kwa ajili ya umma. Asichoruhusiwa ni kujifungia mwenyewe.

Kuhusu CITES amechanganya mambo. Orodha ile inasimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyotajwa ndani yake. Kutotajwa si ruhusa. Kenya ina sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, na haikuishia kwa tembo na faru. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne kwa chungu hawahawa, kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12. Vijana wawili wa Kibelgiji kati yao walikamatwa Naivasha na chungu wapatao 5,000, wamepakiwa na pamba katika vichupa 2,244. Hakimu aliifananisha hali ya chungu hao na biashara ya watumwa. Huko Ulaya malkia mmoja alitajwa kufikia pauni 170. Linganisha na ulicholipwa wewe, kisha jiulize ni nani angelala rumande.

Ama neno "ni wadudu tu", hili si la mtu aliyesoma. Allah anasema katika Surat Al-An'am, aya ya 38, kwamba hakuna mnyama ardhini ila ni umati kama nyinyi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Nabii mmoja aliumwa na chungu akaamuru kijiji chao kichomwe, Allah akamlaumu kwa kuuangamiza umati unaomsabihi kwa sababu ya chungu mmoja. Ibn Abbas amepokea katazo la kuua viumbe vinne, chungu akiwemo, na mwanachuoni Al-Khattabi akafafanua kuwa ni wale wakubwa wenye miguu mirefu, kwa uchache wa madhara yao.

Na tazama unachookota. Malkia huruka baada ya mvua, hupandwa, huzikata mbawa zake, kisha huchimba shimo na kulea watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake. Ukimchukua wakati huo umechukua kichuguu kizima ambacho hakijazaliwa. Chungu hawa hukusanya mbegu za nyasi. Nyingine huziangusha njiani zikaota, na vishimo vyao hupitisha hewa na maji udongoni. Mfugaji wa Naivasha ana haki hapo. Wakitoroka ugenini, kwenye nchi ya nafaka, wala mbegu hawa wanaweza kuwa balaa la mkulima asiyekujua.

Baadhi ya wanafunzi watakwambia mauzo haya ni batili kwa kuwa Minhaj imezuia kuuza wadudu wasio na manufaa. Mimi siegemei hapo. Washereheshaji wa kitabu hicho wameruhusu kuuza ruba kwa kufyonza damu na tausi kwa uzuri wa rangi yake, na mtu anaweza kudai kutazama chungu nako ni manufaa. Katazo letu limesimama juu ya madhara na mlango uliofungwa.

Kusema serikali si ya Kiislamu hakumsaidii. Unaishi chini ya ahadi, nasi tumeamrishwa kutimiza ahadi. Sheria hii haikuamrishi dhambi yoyote.

Sasa vichupa. Usipande navyo matatu, maana kuwa navyo tu ni kosa. Mwendee wakili au imamu wa msikiti wako, mwende pamoja ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), mueleze, wao waseme wavipokee vipi. Kwa sasa viweke kivulini penye baridi; jua huwaua upesi. Pamba iwe na unyevu, isilowe chepechepe. Usiwachanganye malkia wawili, huenda wakauana. Mkiruhusiwa kuwaachia, iwe palepale ulipowatoa, jioni, kwenye udongo laini wenye unyevu, kila mmoja mbali na mwenzake. Usiwaachie mji mwingine.

Pesa: mauzo yasiyosihi, asili yake bei hurudi kwa mnunuzi. Huyu hapatikani, kwa hiyo ulichonacho hutolewa kwa mafakiri. Na Nawawi katika kitabu chake kingine, Majmu', akimnukuu Ghazali, amesema mwenye mali kama hiyo akiwa yeye mwenyewe ni fakiri, anaweza kujipa na kuwapa watu wake kwa kadiri ya haja. Kwa hali uliyoieleza, mnunulie mama dawa na chakula, usione vibaya. Ila usiokote tena.

Wewe ni katika wanaostahiki zaka. Mwambie imamu wazi, bila haya, na mama asajiliwe SHA (bima ya afya ya serikali) kabla hajafikia kusafishwa damu. Ukiona tabu kuongea mbele za watu, mpe imamu karatasi hii.

Wallahu a'lam.