Boga la Vuli: Pambo la Karatasi, Kisha Chungu

Mhariri, juma lililopita mliwauliza wasomaji mnaowaita wa nchi za baridi swali hili: je, boga la msimu wa vuli linaweza kupambwa bila kuchongwa, na likipambwa, litumike nini? Jibu langu ni kwamba linaweza, na kwamba hakuna kinachofaa kuliko karatasi, kwa kuwa karatasi hulipendezesha boga na bado likabaki kuwa chakula. Ninaandika kutoka Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako ikikaribia Oktoba maboga hurundikwa mbele ya maduka ya vyakula, na ambako mji wa jirani wa Circleville ulianza kufanya maonyesho ya maboga mwaka 1903 na unayafanya hadi leo.

Desturi ya kuchonga boga liwe taa yenye sura ililetwa huku na wahamiaji wa Ireland na Scotland, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo, nao walipolikuta boga, zao la asili ya bara hili la Amerika, waliona ni kubwa zaidi na halikisumbui kisu. Sina ugomvi na desturi hiyo, ila hasara yake hainiingii akilini. Boga likishatobolewa huanza kuota ukungu baada ya siku chache, hivyo lililochongwa mapema mwezi Oktoba ni nadra lifike salama tarehe 31, siku ya Halloween, sikukuu ya mizimu na vinyago, sembuse Alhamisi ya nne ya Novemba, ambayo ndiyo Thanksgiving, sikukuu ya kutoa shukrani. Boga zima, lenye kikonyo chake na lisilo na jeraha, hukaa miezi miwili hata mitatu likiwekwa mahali pakavu penye ubaridi wa wastani. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo tunda, mbegu na majani ya mboga hiyo vyote viliingia jikoni, kuliona boga zima likitupwa kwenye pipa la taka si jambo tunalolizoea upesi.

Wala karatasi si ubunifu wa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Dennison ya Framingham, Massachusetts, ilikuwa ikichapisha vijitabu vya kuwafundisha watu kupamba nyumba na meza za Halloween kwa karatasi ya krepu, ile laini yenye mikunjomikunjo.

Kabla ya mkasi, tazama boga lenyewe. Maboga makubwa ya rangi ya chungwa yanayouzwa kwa ajili ya kuchongwa yamezalishwa yawe na umbo zuri na uwazi mkubwa ndani. Nyama yake ni ya majimaji, ina nyuzinyuzi, na haina utamu wa kusifiwa. Anayetaka kupamba kisha kupika achague yale madogo ya kutengenezea pai, au boga la aina ya kabocha lenye ngozi ya kijani linalopatikana katika maduka ya Waasia, ambalo nyama yake kavu yenye wanga ndiyo inayokaribia boga letu la nyumbani. Ngozi hiyo ya kijani iliyoiva huipa karatasi ya manjano au nyeupe mandhari ambayo ngozi ya chungwa haiwezi kuipa, ingawa majirani zangu hawajakubali kwamba hilo nalo ni boga.

Kazi huanza kwa kulifuta boga kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kisha kuliacha likauke kabisa, kwa sababu gundi haishiki kwenye ngozi yenye vumbi wala unyevu. Ugumu wa pili ni umbo: karatasi bapa ikilazimishwa kuzunguka kitu cha mviringo hukunjamana. Karatasi ya manila ikatwe vipande virefu vyembamba, vipana katikati na vilivyochongoka ncha zote mbili, kila kimoja kikifuata mfereji wake kutoka kwenye kikonyo hadi kitako. Karatasi laini ya kufungia zawadi haihitaji hesabu hiyo. Hupasuliwa kwa mkono na kubandikwa vipande vikilaliana. Mimi hutumia gundi ya unga wa ngano uliopikwa na maji hadi ukawa mzito, kwa kuwa hutoka kwa maji ya uvuguvugu. Boga la namna hiyo likae ndani, maana nje kindi wataifuata gundi kabla ya kulifikia boga. Pini na stepla sizitumii kabisa, kwani kila tundu ni mlango wa uozo.

Pambo linalopendwa sana huku ni bundi, lakini bibi yangu asingekubali ndege huyo atue mlangoni pake, hata akiwa wa karatasi. Nyumbani kwetu tunatengeneza kanga, yaani ndege, si nguo. Manyoya hukatwa kwa karatasi nyeusi na kubandikwa kama makuti yanavyoezekwa, kuanzia chini kwenda juu, ili kila safu ifiche gundi ya safu iliyo chini yake. Madoa meupe ni vile viduara vinavyobaki ndani ya mashine ya kutoboa karatasi, na kuvibandika ni kazi ya watoto, ambao hawachoki nayo upesi kama mtu mzima. Kikonyo hubeba shingo ya manila iliyoviringishwa, na kichwa hupakwa buluu. Familia zisizotaka kujihusisha na mizimu ya Halloween, na hapa mjini ni nyingi, Waislamu kwa Wakristo, hazina kinachozikwaza katika pambo la aina hii.

Mshumaa usikaribie pambo la karatasi. Anayetaka mwanga aweke taa ndogo za betri kukizunguka kitako. Boga lililo barazani liingizwe ndani kabla ya usiku wa barafu, kwa sababu likiganda kisha likayeyuka huwa tepetepe, na hapo halifai tena kwa pambo wala kwa chungu.

Siku moja kabla ya Thanksgiving, karatasi hubanduliwa, boga husuguliwa kwa maji ya uvuguvugu, na baada ya kupasuliwa humenywa ngozi yote, pamoja na mabaki yoyote ya gundi. Hukatwa vipande vikubwa, hupikwa kwa maji machache hadi vikaribie kuiva, ndipo linapotiwa tui zito, hiliki, sukari na chumvi kidogo sana, na moto hupunguzwa ili tui lisikatike. Mbegu huoshwa, hukaushwa na kukaangwa kavu kwa chumvi. Wageni wetu Wamarekani huzimaliza hizo kwanza, kisha huuliza kama lile la nazi ni kitindamlo au ni mboga, nasi huwaambia wale na chochote kilicho mezani.