Tumbo likifunga: maswali ya wasomaji wa Lubumbashi

*Tumbo lilifunga siku nne. Farmasi ya mtaani ikanipa vidonge vya bisakodili vya miligramu 5. Nilimeza viwili saa moja jioni. Saa nne usiku sikusikia kitu, nikaongeza viwili. Kesho yake niliharisha mpaka mchana, tumbo likikata na kichwa kikizunguka. Nilikosea wapi?* — Baba wa Katuba

Baba, dawa haikuwa mbaya. Ulichokosea ni saa. Kidonge cha bisakodili kimevikwa ganda ili kipite tumboni kikiwa kizima na kufunguka huko chini, kwenye utumbo mpana. Safari hiyo inachukua saa 6 hadi 12. Ukimeza saa tatu usiku, tegemea choo kati ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi. Saa nne usiku, vidonge vyako viwili vya kwanza vilikuwa bado njiani. Ulivyoongeza vikavifuata, ndiyo maana vyote vinne vikakubana kwa pamoja.

Mtu mzima aanze na kidonge kimoja, usiku, kwa glasi kubwa ya maji. Kisipotosha, usiku unaofuata ameze viwili, asizidishe hapo. Kimezwe kizima. Ukikitafuna au kukiponda, ganda linavunjika na dawa inafunguka mapema, tumbo linakata. Maziwa na dawa za kiungulia nazo zinayeyusha ganda kabla ya wakati, kwa hiyo ziachane na kidonge kwa saa moja au zaidi.

Jambo linalowanasa wengi ni lile linalofuata. Dawa ikishasafisha utumbo wote, ni kawaida kukaa siku moja au mbili bila choo, kwa sababu hakuna kitu cha kutoka. Mtu anaogopa, anameza tena, na mwezi unaisha akiwa mtumwa wa kidonge. Subirini. Ukiona umefika wiki moja bado unaihitaji, nenda kwa daktari atafute chanzo.

Kwa kizunguzungu, koroga pakiti ya SRO (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, unywe kidogo kidogo. Kuharisha kunatoa chumvi na potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka misuli inalegea na moyo unapiga ovyo. Anayekunywa dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha yuko kwenye hatari zaidi, maana nyingi za dawa hizo nazo zinatoa potasiamu.

Tena tazama sahani yako. Bukari (ugali) ya unga uliokobolewa inashibisha lakini haina makapi ya kusukuma choo. Iongezee maharage, matembele, lengalenga, papai, na maji ya kutosha. Kisha nenda chooni baada ya chakula cha asubuhi, wakati utumbo unajisukuma wenyewe. Tunajua choo cha lupango (kiwanja cha pamoja) kinachotumiwa na nyumba tano kinafanya watu wajizuie, ila kila ukijizuia, utumbo unaendelea kufyonza maji na choo kinakuwa jiwe.

*Nina mimba ya miezi 6. Tangu nilipoanza vidonge vya damu (vya chuma) vya CPN, kliniki ya wajawazito, choo ni kigumu na cheusi. Dada yangu ananiambia ninywe mafuta ya mbarika. Ninapenda pia kula pemba, ule udongo wa kutafuna.* — Mama wa Ruashi

Mama, mafuta ya mbarika usiyaguse: yanaweza kuamsha uchungu wa uzazi. Vidonge vya damu usiviache. Weusi wa choo unatokana na chuma na hauna neno. Pemba ndiyo ya kuacha. Udongo huo unagandisha choo, na unashika chuma tumboni kisiingie kwenye damu, hivyo unaharibu kazi ya vidonge vyako pande zote mbili.

Chakula na maji vikishindwa, omba siropu ya laktulosi na umwambie mkunga wako. Kawaida mtu mzima huanza na mililita 15, mara moja au mbili kwa siku, zikipimwa kwa kikombe kinachokuja na chupa, kwani vijiko vya jikoni vinatofautiana. Laktulosi inavuta maji ndani ya utumbo ili choo kilainike, kwa hiyo usipokunywa maji haikusaidii. Inachukua siku moja hadi mbili. Siku za kwanza tumbo litajaa hewa na kunguruma, halafu linatulia.

*Mjukuu wangu wa miaka 3 hajapata choo siku tatu na analia tumbo. Ninaweza kumuingizia majani na pilipili kwa nyuma kwa ule mpira, kama tulivyofanyiwa sisi?* — Nyanya wa Kamalondo

Hapana, nyanya, tunakuomba. Ngozi ya ndani ya utumbo wa mtoto ni laini sana. Pilipili inaiunguza, ncha ya mpira inaweza kuitoboa, na maji ya majani yanaingia kwenye damu bila mtu kujua kipimo chake.

Mguse tumbo. Likiwa limevimba au gumu, akitapika, hasa matapishi ya kijani, akiwa na homa, au hata hewa haitoki, mpelekeni hospitali leo hii bila kumpa dawa yoyote ya kulainisha choo, ya kumeza wala ya kuingiza. Huenda minyoo imejifunga na kuziba njia, au kidole tumbo kimevimba, au ni tifoide, ambayo inaweza kuudhoofisha ukuta wa utumbo. Utumbo ukilazimishwa kusukuma hapo, unaweza kupasuka. Kama mmeshampa kitu, mwambieni daktari bila aibu ni majani gani na saa ngapi.

Bila dalili hizo, mpe maji, papai na uji wenye nafaka nzima, na muuguzi ndiye apime siropu ya laktulosi kulingana na kilo zake. Vidonge vya wakubwa visikatwe kwa ajili yake.