Nani alimfuata mwenzake?

Swali hilo niliulizwa na askari polisi saa nane za usiku, tochi mkononi, rungu kwapani, pumzi zikinipaa. Mimi na mwenzangu wa zamu ya doria ya mtaa tulitazamana tu. Jibu tulikuwa nalo: tuliomfuata ni sisi.

Tulimwona kijana akitembea peke yake kandokando ya ukuta, kofia imemfunika uso. Tukamwita, hakuitika (alikuwa anasikiliza muziki, tulikuja kujua baadaye). Tukamsogelea. Alipogeuka na kuona watu wawili gizani, mmoja kashika rungu, akatimua mbio, nasi tukaona hiyo mbio yake ndiyo ushahidi. Tulipombana kwenye kona alirusha ngumi ikampata mwenzangu mdomoni. Nikainua rungu. Nashukuru mpaka leo kwamba halikushuka, kwani kijana alikuwa mgeni wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Nilimwambia yule askari kwamba nilikuwa najihami, maana aliyeanza kupiga ni kijana. Akanijibu kwamba usiku ule mtu pekee aliyekuwa akijihami ni huyo kijana.

Nilikasirika. Kisha nikaanza kusoma. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, lakini msingi wake unafanana sehemu nyingi: hatari iwe ipo sasa hivi, si ya jana wala ya kudhania, na nguvu unayotumia ilingane nayo. Mtu akitupa silaha au akikupa mgongo, haki yako ya kumpiga kwa kawaida imekwisha. Ukiendelea, unalipiza kisasi. Na ukiwa wewe ndiye uliyeanzisha ugomvi, hoja ya kujihami hudhoofika sana.

Kuhusu doria, ukweli ni mchungu kwa sisi tunaopenda fulana zenye maandishi mgongoni. Kama sheria ya mahali pako haijakupa mamlaka maalumu, wewe ni raia kama huyo unayemmulika tochi. Huna ruhusa ya kumpekua, kumlazimisha ajitambulishe, wala kumfunga kamba. Nchi nyingi humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Shaka peke yake haitoshi.

Marekani wameyaona haya kwa uchungu. Februari 2012, huko Sanford, Florida, mlinzi wa kujitolea wa mtaa alipiga simu polisi kuhusu kijana wa miaka 17, Trayvon Martin. Aliyepokea simu alimwambia hakuna haja ya kumfuata. Kijana alikufa kwa risasi. Mlinzi alidai kujihami na juri, yaani raia wanaoamua kesi mahakamani, ikamwachia mwaka 2013. Miaka minane baada ya kifo hicho, jimboni Georgia, wanaume watatu walimfukuza kwa magari Ahmaud Arbery aliyekuwa akikimbia mtaani, na mmoja wao akampiga risasi. Walijitetea kwa sheria ya mwaka 1863 ya raia kukamata. Haikuwaokoa: Novemba 2021 walitiwa hatiani kwa mauaji. Sheria yenyewe jimbo lilikuwa limeshaifuta miezi kadhaa kabla.

Kesi zote mbili zilianza kwa kumfuata mtu. Kwa hiyo kikundi chetu sasa hakimfuati yeyote. Tunatembea wawili wawili, tunasimama penye mwanga, tunapiga simu polisi, tunaandika saa, mavazi na upande alikoelekea mtu tuliyemtilia shaka. Tukikuta mtu anapigwa, hilo ni jambo jingine: sheria kwa kawaida hukuruhusu kumtetea mwingine kama unavyojitetea mwenyewe. Filimbi kwanza, majirani waamke, na shambulio likikoma nasi tunakoma.

Mwenzangu wa zamu ile hakubaliani nami. Anasema wezi watatucheka. Huenda. Ila nimeona kwamba siku hizi hata yeye rungu lake analiacha nyumbani.