Herufi baada ya jina: weka zile unazoweza kunyang'anywa

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu niliwahi kuwa nalo mwenyewe na sikupata wa kunijibu. Unasema una shahada ya kwanza, MBA (shahada ya pili ya biashara), CPA (cheti cha uhasibu kinachosajiliwa na bodi), na mwezi uliopita umefaulu mtihani wa CISA (cheti cha ukaguzi wa mifumo ya habari). Unataka zote zikae baada ya jina lako kwenye barua pepe, kadi na wasifu, na wenzako ofisini wanakwambia hayo ni majigambo. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Herufi hizo nimeziandika na nimezisoma kwenye saini za wengine kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyonipata.

Kwanza la haraka, maana hili linaweza kukuletea matatizo: CISA usiiandike bado. Kufaulu mtihani ni hatua moja tu. ISACA, chama cha kimataifa kinachoitoa, wanataka uwe na uzoefu wa miaka 5 katika ukaguzi, udhibiti au usalama wa mifumo ya habari (masomo na kazi za aina fulani zinaweza kufidia hadi miaka 3 kati ya hiyo), halafu uombe rasmi na ukubaliwe. Una miaka 5 tangu ulipofaulu ya kupeleka maombi. Mpaka siku hiyo wewe ni mtu aliyefaulu mtihani, na unaweza kulisema hilo waziwazi kwenye wasifu, lakini herufi bado si zako. Wa CFA, hati ya wachambuzi wa uwekezaji, ni wakali zaidi: hata aliyemaliza mitihani yote mitatu haruhusiwi kuzitumia mpaka atunukiwe hati yenyewe, na hakuna kitu kinachoitwa "CFA ngazi ya pili" cha kuandikwa baada ya jina. Wameweka sharti hata kwenye chapa: herufi zisiwe kubwa wala nene kuliko jina la mtu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Nilipopata CPA nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya. Baadaye nikaongeza CIA (cheti cha mkaguzi wa ndani), nikaongeza shahada ya pili, jina langu likawa na mkia mrefu kuliko lenyewe. Nikachapisha na kadi. Siku moja tukaenda kuhesabu mali kwenye ghala la mteja. Mtunza ghala alikuwa mtu mzima, hakuna aliyemzidi kwa miaka ya kazi pale. Nikampa kadi yangu. Aliisoma akifuatisha kwa kidole, toka jina mpaka herufi ya mwisho, kisha akaiweka juu ya meza na kuinyoosha ilingane na ukingo wa leja yake. Kuanzia hapo majibu yake yakawa mawili: "Ndiyo, mkuu" na "Hapana, mkuu." Nilimwonyesha karatasi za kuhesabia za miezi miwili, zote mwandiko mmoja na wino mmoja, wakati waliohesabu walitakiwa kuwa watu watatu wa zamu tofauti. Akaziangalia kwa muda. "Sijui, mkuu."

Jioni, kijana aliyekuwa mafunzoni kwetu, ambaye hakuwa na kadi wala herufi, alibaki nyuma kumsaidia kufunga milango. Kulikuwa na komeo moja lililokuwa linakwama. Wakiwa wanahangaika nalo, yule mzee akamweleza kila kitu: karatasi zinajazwa ofisini mwisho wa mwezi, yeye analetewa tu atie saini, na amekwisha kulalamika mara mbili bila kusikilizwa.

Siku ya pili nilimuuliza kwa upole kwa nini hakuniambia mimi. Akajibu, "Nilijua mtu kama wewe umeshajua. Nikadhani unanitega."

Jibu hilo sijalisahau. Wenzako wanazungumzia majigambo, yaani wanaogopa utaonekana unajisifu. Mimi hilo halinisumbui sana. Anayetaka kukuona unajisifu atakuona hata ukiandika jina tupu. Kinachonisumbua ni kwamba mzee yule aliniheshimu kupita kiasi, na heshima hiyo ikanifungia mlango. Alikuwa na ukweli mkononi, akaumeza mbele ya kadi yangu. Kazi zetu nyingi, iwe ukaguzi, udaktari, sheria au uhandisi, zinategemea mtu wa kawaida akwambie jambo analodhani ni dogo. Mgonjwa anayeona haya kusema kwamba dawa hakuzimaliza. Fundi anayejua kwamba zege lilimwagwa mvua ikinyesha. Mbele ya watu hao jina lako linatosha, na ikibidi ongeza kazi uliyoijia.

Lakini ripoti ya ukaguzi ule ule niliisaini kwa jina, CPA na namba yangu ya usajili, na ningekosea kama nisingefanya hivyo. Mkopeshaji aliyeisoma hanijui. Hakuwepo ghalani, hakuliona lile komeo. Anatoa fedha kwa kuegemea saini yangu, na ana haki ya kujua ni chombo gani kimeniidhinisha na akashtaki wapi nikiwa nimemdanganya. Ndiyo sababu katika nchi nyingi mhandisi hupiga mhuri wenye namba ya leseni kwenye michoro, na mchoro usio na mhuri haujengewi. Pale herufi zinamwonyesha msomaji mlango wa kugonga.

Toka hapo nikajipatia kipimo kimoja. Mbele ya kila herufi najiuliza: nikifanya kazi hii vibaya, yupo wa kuninyang'anya? CPA yangu bodi inaweza kuifuta. CIA nayo ina masharti: anayefanya kazi ya ukaguzi anatakiwa kuwasilisha saa 40 za mafunzo kila mwaka. CISA utakapoipata itakudai saa 120 kila miaka 3, na zisipungue 20 kwa mwaka wowote. PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, inadai alama 60 za mafunzo kila miaka 3. Hizi ni herufi zenye deni, na mteja anaposoma deni hilo anapata kitu cha kushika.

Shahada haiko hivyo. MBA yako hakuna atakayeifuta kwa sababu umeandika ripoti mbovu. Kweli, chuo kinaweza kuivua shahada iliyopatikana kwa udanganyifu: Ujerumani waziri wa ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteza udaktari wake wa sheria na kujiuzulu mwaka 2011 kwa kunakili kazi za wengine, na mwaka 2013 waziri wa elimu Annette Schavan naye akaondoka baada ya chuo kumvua wake. Lakini hao walivuliwa kwa namna walivyoipata. Namna unavyofanya kazi baada ya hapo chuo hakikuulizi. Kwa hiyo shahada inaeleza ulikopita, na mahali pake ni kwenye wasifu, katika sehemu ya elimu, pamoja na mwaka na jina la chuo.

Najua wauguzi wa Marekani wanafundishwa kinyume: shahada itangulie, kisha leseni, kisha vyeti, kwa hoja kwamba shahada ndiyo ya kudumu na vingine vinaweza kuisha. Ni hoja nzuri ya mpangilio, na kama uko kwenye fani yenye utaratibu wake uliokubalika, ufuate. Ila mimi nikiwa msomaji, kinachoweza kuisha ndicho ninachotaka kukiona, maana kinaniambia habari za leo.

Na kuisha kunaisha kweli. Hili nalieleza nikiwa bado naona uchungu. Mwaka mmoja nilichelewa kuwasilisha saa za mafunzo, kazi zilikuwa zimenizidi, nikajiambia nitazikamilisha. Bodi ikaniweka kwenye orodha ya wasio hai. Barua ya taarifa ilikwenda kwenye anwani ya zamani. Mimi huku barua pepe zangu zote zinaendelea kutoka na zile herufi, kila siku, kwa karibu miezi minne, kwa sababu saini inajiweka yenyewe na nilishaacha kuiangalia. Mwanasheria wa upande wa pili kwenye mgogoro mmoja ndiye aliyeingia kwenye rejesta akaona neno "si hai" mbele ya jina langu. Ilibidi nimwandikie mteja, niiandikie kamati ya maadili, na mtu mwingine aipitie kazi yangu yote ya miezi ile. Haikukutwa na kosa. Lakini mteja aliponijibu aliandika sentensi moja tu, kwamba tangu mwanzo aliajiri zile herufi. Alikuwa na haki.

Kuna upande mmoja ambao wenzako wanaosema "majigambo" huwa hawaufikirii. Nilifanya kazi na dada mmoja, mkaguzi mzuri kunishinda, mdogo wa umbo na mwenye sauti ya chini. Kila tulipoingia kwa mteja, aliyeulizwa maswali ni mimi, hata pale yeye alipokuwa ndiye kiongozi wa kazi. Mara tatu kwa masikio yangu aliulizwa, "Mkaguzi mwenyewe anafika saa ngapi?" Aliweka CPA kwenye kitambulisho cha kifuani na kwenye barua ya kwanza inayotangulia ziara, na maswali hayo yakapungua sana. Mimi ninayeaminiwa kabla sijafungua mdomo naweza kuacha herufi nyumbani bila kupoteza chochote. Yeye angeziacha, angelipa. Kwa hiyo sitakubali mtu atunge sheria ya wote kwamba msomi wa kweli hajitangazi. Uingereza daktari wa upasuaji akishafaulu mtihani wa chuo cha kifalme cha wapasuaji huacha kuitwa Dokta na kurudi kuitwa Bwana au Bibi, na ni heshima kwao. Lakini hiyo ni heshima ya mtu ambaye kila aliye hospitalini anajua ni nani.

Kama na wewe uko kwenye hali ya dada huyo, kwamba watu wanakupita wakimtafuta "mwenyewe", ongeza herufi pale ninapokwambia upunguze, na usimwombe mtu radhi.

Kwa hali yako uliyoieleza, mimi ningefanya hivi. Kwenye ripoti, maoni ya kitaalamu na barua zinazoweza kufika mahakamani: jina, CPA, namba ya usajili. Kwenye saini ya barua pepe: jina, CPA, na chini yake cheo chako; mstari mwingine wa namba ya simu, basi. Kwenye wasifu weka kila kitu, kila kimoja katika sehemu yake, na CISA iandike "mtihani umefaulu, maombi yanaandaliwa" pamoja na mwaka. Cheti cha semina ya siku mbili hakina herufi hata kama walioitoa wamekubunia. Na kadi tengeneza za aina mbili, si gharama kubwa: moja ya ofisini, na nyingine yenye jina na simu tu, ya kumpa mtu kama yule mtunza ghala.

Kabla ya yote hayo, leo hii ingia kwenye rejesta ya bodi yako, tafuta jina lako kama mtu baki angelitafuta, uone mbele yake pameandikwa nini. Angalia na anwani waliyo nayo.