Kama Yusufu hakumzaa, Yesu ni Mwana wa Daudi kwa njia gani?

Swali: Nafundisha Biblia darasa la vijana. Mathayo sura ya 1 inaleta ukoo mrefu kutoka Abrahamu hadi Yusufu, halafu inasema mimba haikuwa ya Yusufu. Kijana mmoja akaniuliza: basi ukoo wote huo wa nini? Na mbona wa Luka una majina mengine?

Jibu: Kijana huyo amesoma vizuri kuliko wengi. Anzeni na Mathayo 1:16, kwa kuwa hapo Kiswahili chetu kinaficha jambo. Tafsiri ya Union inasema: “Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa YESU.” Nani “aliyemzaa”? Sarufi yetu haitenganishi mume na mke, hivyo msikilizaji anaweza kulirudisha neno hilo kwa Yusufu au kwa Mariamu. Kigiriki hakiachi mwanya: kiwakilishi kilichotumika, *hēs*, ni cha kike na cha umoja. Ni Mariamu peke yake. Kitenzi nacho kinageuka. Tangu mstari wa 2, “akamzaa” (*egennēsen*) imerudiwa mara 39. Ikifika zamu ya Yesu, Mathayo anaandika *egennēthē*, “alizaliwa”. Mnyororo umekatwa na mwandishi mwenyewe, tena kwa makusudi.

Mistari ya 18 hadi 25 ndiyo inayoeleza unavyounganishwa tena. Malaika anamwita Yusufu “mwana wa Daudi” (1:20), na katika Mathayo yote hakuna mtu mwingine anayeitwa hivyo isipokuwa Yesu. Kisha anampa kazi: “nawe utamwita jina lake Yesu.” Mstari wa 25 unafunga kwa “akamwita jina lake YESU”. Hapa pia “akamwita” ingeweza kusomwa kuwa ni Mariamu, lakini agizo la mstari wa 21 alipewa Yusufu, basi mtendaji ni yeye. Kumpa mtoto jina ni kumkubali kuwa wako. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200, ina kanuni inayofanana na hiyo: mtu akisema “huyu ni mwanangu”, anaaminiwa (Baba Bathra 8:6). Kwa sheria, basi, Yesu ni wa nyumba ya Daudi kikamilifu, wala si mwana wa daraja la pili.

Kwa hiyo Mathayo anajibu maswali mawili kwa pamoja. Mwana wa Daudi? Ndiyo, kwa Yusufu. Ametoka wapi? Kwa Roho Mtakatifu. Hapo waonye vijana wasimweke Roho mahali pa mume, kama katika hadithi za miungu ya Kiyunani. Luka 1:35 inatumia *episkiazō*, “kutia kivuli”, kitenzi kilekile ambacho tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia katika Kutoka 40:35, wingu lilipokaa juu ya hema ya kukutania. Picha ni ya Mungu kuja kukaa kati ya watu wake, ndiyo maana Mathayo analeta jina Imanueli, “Mungu pamoja nasi”.

Mwanafunzi mwenye kalamu atahesabu. Mathayo anadai vizazi 14 mara tatu, lakini fungu la mwisho, kuanzia Shealtieli hadi Yesu, lina majina 13 tu. Ili yatimie 14, wengi humhesabu mara ya pili Yekonia, jina la mwisho la fungu lililotangulia. Tena kati ya Yoramu na Uzia ameruka wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia (linganisha 1 Nyakati 3:11-12). “Akamzaa”, basi, inaweza kumaanisha babu na kilembwe. Wengi huona 14 kuwa ni jina Daudi lenyewe, kwa kuwa herufi zake za Kiebrania zina thamani ya 4, 6 na 4.

Kuhusu Luka, orodha yake inapitia Nathani, ya Mathayo inapitia Sulemani, na zinakutana kwa Shealtieli na Zerubabeli kabla ya kuachana tena. Mathayo anamtaja Yakobo kuwa baba wa Yusufu, Luka anamtaja Eli (3:23). Wapo wanaosema Eli huyo ni baba yake Mariamu. Mimi nisingeijenga hoja juu ya hilo, kwani andiko halimtaji Mariamu. Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alieleza kwa desturi ya kurithi mke wa ndugu: Yakobo ni baba aliyemzaa Yusufu, Eli ni baba yake wa kisheria. Inawezekana, ila haithibitishiki.

Chenye uzito zaidi ni mahali Luka alipoiweka orodha. Sauti imetoka tu mbinguni, “Wewe ndiwe Mwanangu” (3:22). Majina yanafuata, yakianza na “akidhaniwa kuwa ni mwana wa Yusufu” na kuishia “wa Adamu, wa Mungu”. Mistari michache mbele, jangwani, Ibilisi anaanza: “Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu…”