Mkono Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Upasuaji wa Kuhamisha Neva

Mwezi uliopita niligusia kwa aya moja tu upasuaji wa kuhamisha neva kwa waliovunjika shingo, nikidhani ni habari ya wachache. Maswali yaliyokuja yamenisuta. Nimejibu niliyoweza. Mkumbuke tu kwamba mimi ni mtu wa fiziotherapia, kisu sishiki. Ninachojua ni mikono kabla na baada ya kisu.

Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 24, alianguka kutoka kwenye mwembe hapa Muheza miezi minane iliyopita. Wameandika C6, yaani neva ya sita ya shingo. Kiwiko anakunja, kifundo cha mkono anakiinua, lakini vidole havishiki hata kijiko. Tumeambiwa kuna upasuaji wa kuunganisha mishipa unaorudisha mkono. Ni kweli, au tunataka kuliwa hela?

Marahaba. Ni kweli upo, na miezi minane ndiyo neno muhimu kuliko yote uliyoniandikia.

Ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, ukiumia kwenye shingo, amri ya ubongo inakatikia hapo. Neva zinazotoka juu ya jeraha bado zinapokea amri, ndiyo maana mdogo wako anakunja kiwiko. Neva za chini yake nyingi ni nzima, zimeshika misuli yake vizuri, ila hazina wa kuziamuru. Fikiria mifereji ya mlimani kule Lushoto: banio la juu limebomoka, shamba la chini halipati maji, na mfereji wa jirani una maji ya ziada. Mpasuaji halitengenezi banio. Anachepusha maji kutoka kwa jirani.

Mwaka 2012, timu ya mpasuaji Susan Mackinnon huko St. Louis, Marekani, ilitoa taarifa ya mzee wa miaka 71 aliyeumia shingo kwenye ajali ya gari. Walichukua tawi la neva linaloendesha msuli mmoja wa kukunja kiwiko, wakaliunga kwenye neva ya kukunja kidole gumba na cha shahada. Baada ya miezi ya mazoezi, mzee akaanza kujilisha mwenyewe. Huko Brazili, Jayme Bertelli naye alikuwa ameshaonyesha jinsi ya kutumia tawi la msuli unaogeuza kiganja kutazama juu ili vidole vifunguke. Kisha mwaka 2019 Natasha van Zyl na wenzake wa Melbourne, Australia, wakachapisha matokeo ya watu 16 katika jarida la Lancet: mikono 27, neva 59 zilizohamishwa. Baada ya miaka miwili wengi waliweza kunyoosha kiwiko, kufungua vidole na kushika. Neva 4 zilikataa. Nakutajia na hizo nne, kwa sababu atakayekuambia kila mkono hurudi anakuuzia kitu.

Sasa miezi minane. Pale pale penye jeraha, chembe za neva zenyewe hufa, na msuli uliotegemea chembe hizo unaanza kunyauka. Ukikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, haupokei tena neva mpya. Timu ya Melbourne iliwachukua walioumia chini ya miezi 18. Kwa hiyo msisubiri "tuone kwanza". Ombeni rufaa kwa bingwa wa mikono au wa neva wiki hii, na muulize jambo moja mahususi: kipimo cha umeme wa neva na misuli. Hicho ndicho kitasema ni misuli ipi inakimbizana na saa na ipi inaweza kungoja. Mkiwa huko, muulizeni mpasuaji amefanya upasuaji huu mara ngapi. Si utovu wa adabu.

Mimi nina mwaka wa nne kwenye kiti. Basi ndiyo nimechelewa?

Kwa baadhi ya misuli, ndiyo. Si kwa yote. Misuli iliyo chini kabisa ya jeraha, ambayo chembe zake za neva zi hai (utaitambua mara nyingi kwa sababu inakakamaa na kurukaruka), huweza kupokea neva hata baadaye. Yule mzee wa St. Louis alifanyiwa karibu miaka miwili baada ya ajali.

Na kuna njia kongwe zaidi ambayo haina saa: kuhamisha kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Msuli unaofanya kazi unafunguliwa mwisho wake na kushonwa kwenye kano ya kidole au ya kiwiko. Erik Moberg wa Sweden aliieneza miaka ya 1970, na hadi leo inatoa mshiko wenye nguvu kuliko neva. Neva inashinda katika kufungua vidole na katika ulaini wa mwendo. Kule Melbourne kuna waliofanyiwa neva mkono mmoja na kano mkono wa pili. Nadhani hiyo ndiyo hekima yenyewe. Usijifute kwenye orodha kabla hujapimwa.

Mume wangu akifanyiwa, atatembea?

Hapana, dada. Upasuaji huu hauugusi ugwe wa mgongo wala miguu. Ila muulize yeye mwenyewe anataka nini kwanza. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, karibu nusu ya waliopooza mikono na miguu walisema kurudishiwa mkono ndiko kungebadilisha maisha yao kuliko kitu kingine chochote. Sisi tunaowauguza ndio tunaoulizia miguu.

Kuchukua neva inayofanya kazi si kuvua kofia ya huyu kumvika yule? Akipoteza na kile kidogo alichonacho?

Hofu ya haki. Ndiyo maana huchukuliwa tu tawi la msuli wenye mwenzake. Kiwiko kina zaidi ya msuli mmoja wa kukikunja. Kugeuza kiganja vilevile. Mpasuaji huligusa kila tawi kwa umeme mdogo mezani kabla ya kulikata. Udhaifu kidogo au ganzi huweza kubaki. Akiwa na msuli mmoja tu wa kazi hiyo, haguswi.

Mama mkwe anamkanda mwanangu kila jioni, anamnyoosha vidole mpaka vikae sawa kama ubao. Anasema vikikunjamana hatashika kitu.

Mwambieni bibi kwa heshima aache, leo. Swali hili ningelijibu hata kama mengine yote yangepotea.

Mtu wa C6 akiinua kifundo cha mkono, vidole hujikunja vyenyewe kwa sababu kano zake zimevutika, akikishusha, hufunguka. Kwa hila hiyo anashika kikombe bila msuli hata mmoja wa vidole. Ukinyoosha vidole huku kifundo kimeinuliwa, kila siku, kano zinalegea na hila inakufa. Sheria ni hii: kifundo kikiwa juu, vidole viachwe vikunjike, kifundo kikiwa chini, ndipo vinyooshwe. Lakini viungo visiachwe vikakauka, maana hata neva mpya haiwezi kukunja kiungo kilichoganda.

Niliangushwa na bodaboda. Natembea vizuri ila mkono wa kushoto unaning'inia tu. Nami nihamishiwe neva?

Yako ni habari nyingine: si ugwe, ni fundo la neva kati ya shingo na bega limechanika. Upasuaji ni ndugu yake huu, na ndio uliotangulia. Christophe Oberlin wa Ufaransa alieleza mwaka 1994 namna ya kuazima nyuzi za neva ya kiganja ili kiwiko kikunje. Kwako saa inakwenda mbio zaidi: lenga kabla ya miezi sita. Wengi huniletea mkono huo baada ya mwaka wa kukandwa.

Tuko Uingereza. Mume wangu alifanyiwa miezi minne iliyopita na hakuna hata kidole kilichotikisika. Imeshindikana?

Bado mapema. Neva huota kama milimita moja kwa siku. Ikiwa imeungwa kwenye mkono wa juu na msuli uko karibu na kifundo, piga hesabu: sentimita 20 na ushei ni miezi saba au minane kabla hata haijafika, kisha nguvu huendelea kujengeka hadi mwaka wa pili na zaidi. Kufungua vidole huwahi, kwa kuwa njia yake ni fupi.

Na asijaribu kufunga kidole kwa kukiamuru kidole. Ubongo wake bado unajua ile neva ni ya kiwiko. Akae mbele yako, akunje kiwiko kwa nguvu ukimzuia, huku macho yote mawili yako kwenye kidole gumba. Mara kumi, apumzike, arudie. Kinachotikisika kwanza huwa ni kidole gumba, na mara nyingi anayekiona ni mke.