Amoksilini haitibu malaria, dada

Dada wa Masasi uliyeuliza kama amoksilini iliyobaki kabatini itamtibu mwanao malaria, tafadhali usimpe. Hiyo inavunja ukuta wa bakteria, sasa kijidudu cha malaria sio bakteria, seli yake ina kiini kama zetu na huo ukuta hakina, dawa itapita tu. Chenyewe kinajificha ndani ya chembe nyekundu za damu kinajigawa weee mpaka chembe inapasuka, vinatoka vinaingia nyingine, ndo pale mtoto anatetemeka meno yanagongana na khanga mbili juu yake. Mpeleke zahanati leo hii akatobolewe kidole apimwe, akikutwa nayo atapewa dawa ya mseto, dozi 6 siku 3, hata akichangamka siku ya pili akakimbilia mabibo usikatishe. Akishikwa degedege, hospitali hata usiku wa manane.